Kinyozi Aliyepewa Maneno Matano

Kabla ya kiharusi, mume wa Mama Rangi alikuwa kinyozi, na watu walimwita Redio. Hakuwa redio ya kuzimwa kwa kitufe. Alizimwa na usingizi tu, na hata huko mkewe alikuwa akisema jamaa anakoroma kwa sentensi kamili. Kwenye kiti chake uliingia na nywele ukatoka na habari: nani kahama, nani kachumbia, nani anajidai kanunua gari kumbe kaazima kwa shemeji yake. Ukimwambia, "Fundi, nina haraka," alikujibu, "Haraka ya nini na kichwa chenyewe ni hiki?" kisha akaanza upya kukupima kisogo kama mtu anayenunua tikitimaji.

Mama Rangi alimpendea huo mdomo. Asikudanganye mtu kwamba alimpendea sura, maana sura ya Redio ilikuwa ya kuzoea. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache, wa kufikiri kabla ya kusema, akishafikiri asiseme. Ndani ya nyumba moja, mmoja akazungumza kwa niaba ya wawili, na ndoa ikaenda vizuri.

Jina la Mama Rangi lilitoka kiwandani. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha rangi za kupaka nyumba, chumba cha kuchanganyia, na hakuna siku aliyorudi nyumbani bila doa: leo kijani kwenye kiwiko, kesho njano nyuma ya sikio. Kwenye kona ya chumba kile kulikuwa na kompyuta ya kupimia mchanganyiko, sanduku zito lenye kioo kilichofura kama tumbo la mtu aliyeshiba. Ilisikia lugha moja tu, BASIC. Hii ni lugha ya kuamrisha mashine mstari kwa mstari, na kila mstari una namba yake: wa kumi, wa ishirini, wa thelathini. Mashine inashuka nayo kama mtu anayeshuka ngazi, isipokuwa ukiiambia iruke.

Aliyekuwa akiiendesha alipostaafu, wakubwa walitazamana, wakamtazama Mama Rangi. Akapewa kitabu cha maelekezo kisicho na jalada na kuambiwa ajitahidi. Alijitahidi. Kwa muda mrefu alikuwa anaichapia ile mashine kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua, mkono mbele, mwili nyuma.

Kilichombadilisha ni ukurasa mmoja katikati ya kile kitabu. Pale aliona amri zisizofanya kazi yoyote ya kiwanda. Hazipimi rangi, hazihesabu ndoo. Kazi yake ni kuichunguza mashine ile ile inayozitekeleza. Ukiandika TRON ndani ya programu, kuanzia hapo programu inajitangaza yenyewe inapopita: niko mstari wa hamsini, niko wa sitini, nimerudi hamsini. Ukiandika TROFF inanyamaza. Ukiandika STOP inasimama pale pale, mguu mmoja hewani, na kila ilichokuwa imekishika mikononi inabaki imekishika. Hapo unaweza kuiuliza: una nini mkononi? Inakujibu. Ukimaliza unaiambia CONT, inaendelea na safari kama vile hukuisimamisha.

Alijaribu siku ile ile. Namba zikaanza kutiririka kwenye kioo, na Mama Rangi akasahau kufunga kopo la rangi ya maziwa lililokuwa karibu yake. Jioni akamsimulia mumewe, jambo ambalo halikuwa kawaida.

"Yaani ndani ya programu yenyewe," alisema, "unaandika amri ya kuikamata. Inatembea na askari wake mfukoni. Inafika mahali inajisimamisha, inajifungua kifua, inakwambia tazama."

Redio alitafuna kidogo. "Ingekuwa wanadamu wanayo hiyo, mke wangu, mimi kazi ningekosa. Watu wangekuwa wanasimamishwa tu barabarani wanasomwa."

Mama Rangi hakucheka. Alikuwa amepigwa na butwaa na alitaka aachwe nalo kidogo.

Kiwanda kilipoleta kompyuta mpya, ile ya zamani ikawekwa nje karibu na mapipa. Aliiomba, akaruhusiwa, na mkokoteni ukaifikisha nyumbani. Redio akaitambulisha kwa wateja kama mke wa pili. "Hana maneno," alisema, "hali chakula, wala haombi nguo. Bi mkubwa mwenyewe kamleta."

Kisha likaja lile lililokuja. Asubuhi moja Redio alikuwa ananyoa, mkasi ukamtoka mkononi, na yule mteja akadhani ni utani mpya. Aliporudishwa kutoka hospitali, upande wote wa kulia ulikuwa umekufa, wa kushoto nao mzito, na ulimi umelala mdomoni kama kitambaa kilicholowa. Kilichobaki cha kutumainiwa kilikuwa macho na kidole gumba cha kushoto.

Nyumba ikawa kimya. Wanaofahamu nyumba ile watakwambia kimya chake kilikuwa na uzito, mtu ukiingia unapunguza hatua.

Mama Rangi hakukaa kushika tama. Alichukua kitufe cha kengele ya mlango, akakifunga kwenye ubao mdogo chini ya gumba la mumewe, akauvuta waya mpaka kwenye kompyuta. Akaandika programu. Kwenye kioo yalijipanga maneno: NATAKA, SITAKI, MIMI, WEWE, MAJI, CHOO, DAWA, BLANKETI, BARIDI, JOTO, NDIYO, HAPANA. Mwanga ulitambaa polepole kutoka neno hadi neno, na Redio alipobonyeza, neno lililokuwa na mwanga lilichukuliwa. Neno lisipokuwepo, alikwenda kwenye HERUFI akaliunga mwenyewe, herufi moja moja. Akimaliza, anachagua SEMA, mashine inalia, na sentensi inatokea kwa maandishi makubwa.

Tena alifanya jambo moja kwa mapenzi. Mashine ile ikikosea huwa inafoka kwa Kiingereza, na yeye hakutaka mgonjwa wake afokewe. Kwa hiyo akaiamrisha: ukikwama popote, kwa sababu yoyote, ruka mpaka mstari wa mia tisa. Na kwenye mstari wa mia tisa akaandika: lia, kisha toa maneno NATAKA MAJI. Mgonjwa hakosi kiu, alifikiri. Ni heri mtu aletewe maji ambayo hakuyaomba kuliko atishwe na mashine.

Aliijaribu mwenyewe, NATAKA DAWA, SITAKI BLANKETI, ikafanya kazi vizuri. Siku ya kwanza Redio aliandika NATAKA CHOO, na familia nzima ikafurahi kama imepata mjukuu.

Lakini baada ya hapo mambo yakaharibika. Redio angekaa mbele ya kioo muda mrefu, kidole kikibonyeza, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Watu walikuwa na shughuli zao. Mashine ikilia wanakuja mbio, na kioo kinasema NATAKA MAJI. Mama Rangi anampelekea maji, pole mume wangu, kunywa mume wangu. Anayafumbia mdomo. Anaanza tena, jasho, kidole, mashine inalia: NATAKA MAJI. Siku nyingine akakusanya nguvu zote za mkono ule mzito na kuipiga glasi, ikaenda kuvunjikia mlangoni.

"Mama," binti yao alisema akiokota vigae vya glasi, "anaomba maji halafu anayamwaga. Anaomba tena. Huyu baba yupo kweli?"

"Yupo."

"Unajuaje?"

Mama Rangi akafikiri, na kwa kawaida yake hakusema.

Yule aliyesema alikuwa kaka mkubwa wa Redio. Alikuja kumtazama mdogo wake, akaandikiwa NATAKA MAJI, akamnywesha kwa mkono wake mwenyewe, na Redio akamtemea kifuani huku machozi yakimtoka. Kaka mkubwa alitoka uani akajifuta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kubeba vitu, na hili nalo aliona ni lake kubeba.

"Shemeji," alimwambia Mama Rangi, "tusidanganyane. Mdogo wangu mwili umebaki, mwenyewe kaondoka. Wewe umechoka, macho yamekuingia ndani. Jumamosi nakuja na gari. Nitamweka kwangu, kuna nafasi na watu wa kumgeuza. Kile kibanda cha kunyolea kifungwe, vitu vyake tugawe."

"Mimi je?"

"Utakuja kumtazama."

"Na yeye ameulizwa?"

Kaka mkubwa alimtazama kwa huruma. "Atajibu nini, shemeji? Maji?"

Basi jambo likawa hilo. Jumamosi gari linakuja, na Mama Rangi hana hata neno moja la kuonyesha kwamba ndani ya kile kiti bado kuna mume wake. Lililomuuma zaidi ni kwamba hata yeye alikuwa ameanza kumtazama kama unavyotazama nyumba iliyohamwa.

Jumamosi yenyewe, asubuhi, binti alikuwa anakunja nguo za baba yake kwenye sanduku. Redio alikuwa mbele ya kioo, kidole kimeanza kazi. Mama Rangi alisimama mlangoni na beseni la maji ya kumnawisha, akimwangalia yule mtu akibonyeza kwa subira, na akajiuliza swali la kijinga. Kama asingekuwa mume wake, kama ingekuwa ni rangi inayotoka kijivu badala ya bluu, angefanya nini?

Angeweka beseni chini. Akaweka.

"Nisubiri kidogo," alimwambia Redio, akaisimamisha programu na kuanza kuchapa. Aliandika mstari mmoja uliosema: akishachagua maneno matatu, TRON. Kisha akaenda mstari wa mia tisa, ule wa mapenzi yake. Kabla ya NATAKA MAJI akachomeka neno moja, STOP.

"Unafanya nini tena, Mama?" binti aliuliza kutoka chumba cha pili. "Baba mkubwa anafika sasa hivi."

"Naweka askari."

"Wa nini?"

"Njoo ukae hapa. Nyamaza."

Redio akaanza. Mwanga ukatambaa, gumba likabonyeza. Neno la kwanza, la pili, la tatu. Hapo kona ya kioo ikaanza kutema namba, zilezile alizoziona zamani zikitiririka kiwandani: mia nne, mia nne na ishirini, mia nne arobaini, tena mia nne. Ni mzunguko wa kuchagua maneno, ukizunguka kama ulivyoandikwa. Baadaye zikapanda mia saba. Binti akainama.

"Mia saba ni nini?"

"Ni kwenye herufi. Anaunga neno ambalo sikumpa."

Namba za mia saba zikazunguka, zikazunguka, herufi kwa herufi. Jasho la Redio likaanza kushuka na binti akamfuta bila kuambiwa. Kisha zikarudi: mia nne, mia nne sitini, na kutoka hapo, bila ya kupita popote katikati, mia tisa. Mashine ikasimama. Ikaandika kwamba imekatika mstari wa mia tisa, na mshale wake ukawa unapepesa, ukingoja kuulizwa.

Redio alikuwa amefumba macho. Alikuwa anangoja maji.

Mama Rangi akasogea kwenye vitufe. Aliiuliza mashine kosa limetokea mstari gani; ikamjibu mia nne sitini, mahali pa kuweka neno lililochaguliwa kwenye kisanduku chake. Akaiuliza lilikuwa neno la ngapi. La sita. Akarudi juu kabisa ya programu, pale alipoiandaa nafasi ya sentensi, akasoma mkono wake mwenyewe: nafasi tano.

Tano. Ndizo alizompa. Siku ile alipokuwa anaandika alijiuliza mgonjwa atahitaji maneno mangapi kwa mpigo, akaona matano yanatosha na kubaki. Alimpa Redio maneno matano, mtu ambaye salamu yake tu ilikuwa inachukua nusu saa. Kila alipofika la sita, naye hakuwa mtu wa kukomea la tano, mashine ilikosa pa kuliweka, ikaruka, ikamwombea maji.

"Bado yamo," alinong'ona.

"Nini kimo?"

"Haijayamwaga. Imesimama nayo mkononi."

Akachapa PRINT, akaamuru visanduku vyote vitano vifunguliwe kimoja kimoja. Na mashine ile iliyookotwa kando ya mapipa, bila haraka, ikayatoa, moja chini ya jingine:

SITAKI
MAJI
MIMI
NATAKA
WEWE

Binti alishika mdomo. Mama Rangi alibaki anatazama. Siku zote hizo, kila glasi aliyokuwa akimletea, mtu huyu alikuwa ametoka tu kuandika kwamba haitaki. Alikuwepo. Alikuwepo kila mara, mstari mmoja tu kabla ya mia tisa, ameyashika maneno yake mkononi na hakuna aliyemuuliza. Aliwahi kuiona mashine ikijifungua kifua, lakini hakuwahi kufikiri kwamba siku moja ndani ya hicho kifua atamkuta mtu.

"Wewe," binti alisema taratibu. "Mama, anakutaka wewe."

Mama Rangi alikwenda akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika mumewe mashavu. Redio akafumbua macho. Akakiona kioo kimejaa maneno yake mwenyewe, akamwona mkewe anavyolia, na kitu kikapita machoni mwake ambacho Mama Rangi alikuwa hajakiona tangu mkasi uanguke.

"Nimeelewa," alimwambia. "Nilikubana mimi. Sasa nakupa nafasi mia mbili. Lakini nikibadilisha, hayo uliyoandika yatafutika. Utaanza upya. Utaweza?"

Gumba likarudi juu ya kitufe.

Akabadilisha ile tano. Akaiendesha programu. Redio akaanza upya, kana kwamba anapanda mlima aliouteremka sasa hivi, na maneno yakaja yale yale, kwa mpangilio ule ule: SITAKI, MAJI, MIMI, NATAKA, WEWE. Hayo siyo mambo ya kubahatisha. Akaingia kwenye herufi. U. Mwanga ukatambaa. N. Ukatambaa. Y. Binti alikuwa amekamata mkono wa mama yake. A. M. A. Mama Rangi, machozi bado yapo kidevuni, alianza kuelewa linakokwenda. Z. E. Na SEMA.

SITAKI MAJI MIMI NATAKA WEWE UNYAMAZE

Binti akaisoma kwa sauti, akairudia. Kisha Mama Rangi, yule mtu wa maneno machache, akaangua kicheko mpaka akakaa sakafuni.

"Mimi?" alisema akivuta pumzi. "Ninyamaze mimi? Nimesema nini mimi tangu tuoane?"

"Mama, tangu augue hunyamazi," binti alisema naye akicheka na kulia. "Pole mume wangu, kunywa mume wangu, geuka mume wangu. Kutwa nzima."

Ilikuwa kweli, wala hakuwa ameiona. Kimya cha nyumba kilipomwelemea, alianza kusema kwa niaba ya wawili, na kumbe kazi hiyo ina mwenyewe.

Gari lilifika mchana. Kaka mkubwa aliingia na godoro jipya bado limo kwenye nailoni, akalisimamisha ukutani, akaona sanduku la nguo limefunguliwa na nusu ya nguo zimerudishwa kabatini.

"Shemeji, hatujawa tayari?"

"Kaa kwanza. Mdogo wako ana la kusema."

"Tumeshazungumza hili."

"Mimi na wewe tumezungumza. Yeye bado."

Kaka mkubwa alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayemfariji mfiwa. Redio alimkazia macho. Mwanga ukaanza kutambaa. Ikawa herufi, herufi, herufi, maana hata neno moja alilolitaka mkewe hakuwa ameliweka. Kaka mkubwa akatazama saa. Baadaye kidogo akaacha kutazama saa. Alikuwa ameanza kuyasoma maneno kadiri yanavyojipanga, midomo ikimcheza, na kila moja lilipotokea mwili wake ulisogea mbele kidogo, mpaka akawa amekaa ukingoni kweli kweli, viganja juu ya magoti. Chumbani hapakusikika kitu zaidi ya kitufe cha kengele kikibonyezwa, tik, na baada ya muda, tik. Wale waliokuja naye kusaidia kubeba walisimama mlangoni wakavua kofia bila kujua kwa nini.

Mashine ikalia.

KAKA NANI AMEKUNYOA HIVYO NA BADO UNATEMBEA MCHANA MBELE ZA WATU

Kaka mkubwa alipeleka mkono kichwani. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na ngazi, kweli, ya mtu aliyenyolewa na asiyejua.

Akaipapasa ile ngazi. Uso ulimcheza, ukajikaza, ukashindwa. Akafunika macho kwa kiganja kilekile kilichokuwa kichwani, mabega yakaanza kutikisika, na hapakuwa na mtu mle ndani aliyeweza kusema ni kicheko au ni kilio.

"Ni yeye," alisema alipopata sauti. Alimgeukia Mama Rangi kama anayeomba athibitishiwe. "Shemeji, ni huyu huyu mshenzi."

"Ndiyo huyo."

"Alikuwa humu muda wote?"

"Muda wote. Nilimnyima nafasi mimi."

Kaka mkubwa akamtazama mdogo wake, akaitazama mashine, akakitazama kile kidole gumba kilichokuwa kimeanza tena kazi kwa sababu mwenyewe alikuwa hajamaliza. Akawaambia wale wa mlangoni waende wakazime gari. Kisha akavuta kiti, akakiweka bega kwa bega na cha Redio, ili wote wawili wakitazame kioo kwa pamoja.

"Haya," alisema. "Nimenyolewa vibaya. Na mimi nilitaka kukuchukua uende kwangu. Unasemaje?"

Mwanga ukatambaa juu ya NDIYO, ukapita. Ukatambaa juu ya HAPANA, ukalipita nalo. Ukaelekea kwenye herufi, na Redio akabonyeza. Ilionekana wazi kwamba jibu litakuwa refu.

"Hatuna haraka," kaka mkubwa alisema, akavua viatu.